Zulia la sufu lililofumwa kwa mkono: nilisafishe vipi katika baridi hii ya Njombe?

Mama wa Njombe

Ndugu zangu, naomba ushauri kuhusu zulia la sufu ambalo marehemu mjomba wangu aliniachia. Alilinunua Uturuki miaka mingi iliyopita alipokuwa akifanya kazi melini, na mimi nimekuwa nalo sebuleni kwa mwaka wa nne sasa. Lina ukubwa wa mita mbili kwa tatu na rangi zake ni nyekundu iliyoiva, buluu, na nyeupe inayoelekea umanjano.

Mvua zimekwisha, lakini tangu mwezi wa tatu zulia linatoa harufu ya uvundo, hasa asubuhi kabla sijafungua madirisha. Vumbi jekundu la barabarani limeingia mpaka ndani ya nyuzi, na mahali ambapo watoto hukaa kunywa chai pana doa la kahawia la ukubwa wa sahani. Mwezi uliopita msichana anayenisaidia kazi za nyumbani alijaribu kuosha kona moja kwa maji ya moto, sabuni ya unga na brashi. Kona hiyo imekuwa ngumu kama kipande cha gunia, imerudi kidogo, na nyekundu imechuja ikaingia kwenye nyeupe. Simlaumu, kwa sababu hata mimi ningefanya hivyo hivyo.

Juzi tulipovuta kochi nikaona vipara vitatu, kila kimoja kama ukucha wa kidole gumba, na chembechembe kama mchanga zikiwa chini yake. Jirani ananishauri nilipeleke kwa vijana wanaoosha magari walipulize kwa mashine ya presha. Kwa ukungu wa sasa, ambapo hata shuka hukaa kambani siku mbili, nina wasiwasi. Nifanye nini?

Mkazi wa Soweto, Mbeya

Dada yangu, usilipeleke. Nasema kwa uchungu wa aliyekwisha kulipeleka la kwake. Zulia langu lilikuwa dogo, la mita moja kwa moja na nusu, na vijana waliliosha kwa bidii kabisa, wakalisugua kwa sabuni ile ile ya magari, kisha wakalitundika juu ya ukuta. Juu lilionekana kavu jioni ile ile. Nilipolirudisha ndani na kulitandika, ndani yake bado lilikuwa limelowa, na baada ya wiki tatu nikasikia likitoa mlio wa kukatika nilipolikunja. Nyuzi za pamba zinazobeba mafundo zilikuwa zimeoza. Mazulia ya nailoni tunayonunua madukani yanavumilia dhoruba ile, na pengine ndiyo maana watu wanadhani kila zulia linavumilia.

Mfumaji wa Iringa

Mama, pole kwa kona hiyo, na naomba uniruhusu nieleze kwa urefu kidogo, kwa sababu nimekaa kwenye kitanda cha mfumi kwa miaka kumi na saba, na makosa mengi ninayoyaona yanatokana na kutojua zulia limetengenezwa na nini.

Kwanza hakikisha kwamba ni sufu kweli. Chomoa uzi mmoja mfupi upande wa nyuma, uushike kwa kibano na uuchome kwa kiberiti mbali na zulia. Sufu hutoa harufu ya nywele zilizoungua, huzimika yenyewe, na majivu yake husagika kwa vidole, wakati nailoni huyeyuka na kubaki kidonge kigumu. Kama ukiligeuza unaona ua lile lile upande wa nyuma, na mafundo yanaonekana moja moja bila kitambaa kilichogundishwa juu yake, basi limefumwa kwa mkono.

Sufu ni nywele za kondoo, na kila unywele una magamba madogo mno yaliyolala kuelekea ncha, mithili ya vigae juu ya paa. Unapoulowesha kwa maji ya moto na kuusugua, magamba hayo hunyanyuka, yakaingiliana na ya nywele za jirani, na yakishashikamana hayaachani tena. Hicho ndicho kilichotokea kwenye kona yako. Halafu kuna sabuni. Sufu ni protini, ya jamii moja na kucha zetu, na protini hii huvumilia tindikali hafifu lakini huharibiwa na magadi na kila kitu chenye ukali wa magadi. Sabuni za unga nyingi zina ukali huo, na baadhi yake zimetiwa vimeng'enya vya kumeng'enya madoa ya protini kama damu na maziwa. Vimeng'enya hivyo havijui kutofautisha doa la damu na zulia lenyewe. Sabuni ya mche nayo ina ukali huo huo. Dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, ile tunayoiita jiki, usiikaribishe kabisa, kwa sababu huyeyusha sufu.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe, na kazi ya kwanza ni kutoa vumbi likiwa kavu. Ukimwaga maji juu ya zulia lenye vumbi jekundu, unafanya udongo wa kufinyangia ndani ya nyuzi. Chembe za mchanga zinazokaa chini kwenye shina la mafundo ndizo zinazolikata zulia kila mtu anapolikanyaga, na zulia linaweza kubeba mchanga mwingi sana bila kuonekana chafu. Subiri siku yenye jua na upepo, tandika shuka kuukuu uani, ulilaze zulia kifudifudi, yaani uso chini, kisha ulipigepige mgongoni kwa kiganja au kwa fimbo pana, polepole, kipande kwa kipande. Linyanyue, uone kilichodondoka kwenye shuka, ukung'ute shuka, na urudie. Mara ya kwanza utashangaa, na huenda ukarudia mara nne au tano. Usilitundike kambani na kulicharaza kama tunavyofanya na magodoro, kwa maana zulia la umri huo likining'inia kwa uzito wake huku linapigwa, mtande wake, yaani nyuzi za urefu zinazobeba mafundo, unaweza kukatika.

Kama una mashine ya kufyonza vumbi, tumia mdomo usio na brashi inayozunguka, ufuate upande ambao nyuzi zimelala. Uyapite mbali matamvua ya pembeni, kwa sababu matamvua si pambo lililoshonwa baadaye; ni ncha za mtande wenyewe, na likivutwa moja, mafundo ya mstari mzima hulegea.

Mzee wa Rungwe

Binti yangu, mwenzangu wa Iringa ameeleza vizuri, nami nitagusa doa la chai, maana huku kwetu Tukuyu chai tunaiotesha, tunaichuma, tunainywa na tunaimwaga.

Rangi ya kahawia ya chai inatokana na tanini, na tanini hushika sufu kwa nguvu kama inavyoshika ngozi inayotengenezwa viatu. Huko kwenu Njombe mnaijua vyema, kwa kuwa gome la miti ya miwati huvunwa kwa sababu hiyo hiyo. Chai ikimwagika leo, chukua kitambaa cheupe kikavu na ukandamize bila kusugua, ukianzia ukingoni kwenda katikati ili doa lisitanuke. Badilisha kitambaa hadi kisipate rangi tena. Kisha changanya kijiko kimoja cha chakula cha siki nyeupe katika kikombe cha maji ya baridi, chovya kitambaa kingine, kikamue sana, na uendelee kukandamiza. Maliza kwa maji matupu na kitambaa kikavu. Kama ilikuwa chai ya maziwa, anza na maji ya baridi peke yake, kwa sababu maji ya moto huigandisha protini ya maziwa ndani ya nyuzi na harufu yake utaishi nayo.

Doa la muda mrefu kama la kwako halitatoka lote kwa siku moja. Fanya leo, acha likauke kabisa, urudie baada ya siku mbili, na ukiona limefifia nusu, shukuru. Mtoto akikojoa juu ya zulia, utaratibu ni huo huo wa kukandamiza na siki hafifu, lakini usisubiri hadi kesho, kwa kuwa mkojo unavyokaa hugeuka kuwa mkali kama magadi na ndipo rangi huharibika. Tope usiliguse likiwa bichi. Liache likauke, ulivunje kwa vidole, ulitoe kwa brashi laini.

Kuhusu kuliosha lote kwa maji, mimi sikubaliani na wanaolifanya hilo kila mwaka. Mji wetu hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na zulia langu, ambalo lina umri mkubwa kuliko mimi, halijawahi kulowekwa tangu nilipostaafu. Natoa vumbi, natibu madoa, basi.

Mkulima wa Pareto, Mafinga

Shikamoo Mzee. Mama, naona wote wameivuka habari ya vipara vitatu, na mimi naona hilo ndilo la dharura kuliko harufu. Hao ni nondo, na sisemi nondo za ujenzi, bali kipepeo mdogo wa rangi ya majani makavu, mwenye urefu wa chini ya sentimita moja, ambaye hukimbia mwanga na kurukaruka chini chini gizani. Yeye mwenyewe hali chochote. Jike hutaga mayai kiasi cha 40 au 50 ndani ya nyuzi, na viwavi wanaoanguliwa ndio wanaokula sufu. Chembe ulizoziona ni kinyesi chao, ambacho mara nyingi hufanana rangi na uzi walioula. Wanapenda mahali palipotulia na penye giza, chini ya kochi na nyuma ya kabati, na wanapenda zaidi sufu iliyochafuka kwa jasho, chakula au mkojo. Ndiyo maana katikati ya sebule, mnakopita kila siku, hukuona kipara.

Livute zulia lote leo. Lipige brashi pande zote mbili, uso na mgongo, hasa pembezoni, halafu ufagie sakafu na nyufa za ukutani, na takataka zote uzichome au uzifukie mbali. Kung'uta na kuanika juani kwa saa kadhaa, ukiligeuza, huwatoa viwavi wengi na kuyaangusha mayai, lakini usiliache juani siku nzima kwa wiki nzima, kwa kuwa jua la huku juu hupausha nyekundu haraka. Rudia kila wiki kwa miezi miwili, maana katika baridi mayai huchelewa kuanguliwa, na kusafisha mara moja hakutoshi.

Dawa tunayo mlangoni. Pareto tunayolima huku, ambayo hukusanywa na kusindikwa hapa Mafinga, ina sumu inayoua wadudu wa namna hii na ambayo huvunjika yenyewe ikipigwa na mwanga. Kwa sababu hiyo unga wake unafaa kunyunyizwa kidogo sakafuni chini ya zulia na pembezoni, mahali penye giza, si juu ambapo watoto hukaa. Funika pua na mdomo unaponyunyiza, kwa sababu vumbi la pareto huwasha na watu wengine huwaletea mafua na pumu. Kama una paka, mweke mbali, na usimwage mabaki kwenye bwawa la samaki. Vidonge vyeupe vya nafthalini sivipendi katika nyumba yenye watoto wadogo, maana vinafanana na peremende.

Nimewahi kusikia watu wa Makete wakisema kwamba kulaza zulia nje usiku wa barafu huua nondo. Barafu ya alfajiri hudumu saa chache tu, na yai lililojificha ndani ya sufu nene halisikii chochote. Kinachoua ni friza yenye nyuzijoto 18 chini ya sifuri kwa wiki nzima, zulia likiwa limefungwa kwenye nailoni. Kwa busati dogo hilo linawezekana, lakini kwa la mita mbili kwa tatu utahitaji friza ya mwenye bucha.

Mama wa Njombe

Asanteni sana, na Mzee shikamoo. Nimechoma uzi mmoja na umenuka nywele, kwa hiyo ni sufu. Nimelipigapiga mgongoni mara tano kama Mfumaji alivyosema, na nimepata vumbi la kujaza kopo la kilo mbili, jambo ambalo limenitia aibu mbele ya mume wangu. Viwavi nimewaona kwa macho, weupe wenye kichwa cha kahawia. Harufu imepungua lakini haijaisha. Sakafu yetu ni ya saruji, na chini ya zulia nilikuwa nimetandika nailoni nene ili unyevu usipande. Je, nilikosea? Na Mfumaji, wewe unakubaliana na Mzee kwamba lisioshwe kabisa?

Mfumaji wa Iringa

Hiyo nailoni ndiyo iliyokuletea uvundo. Sufu ina tabia ya kunyonya unyevu wa hewa hadi karibu theluthi ya uzito wake kabla mkono haujahisi kwamba imelowa, kisha huuachia hewa ikikauka. Katika miezi ya mvua zulia lako lilikuwa likinywa unyevu wa chumba kila usiku, na chini likakuta nailoni, haliwezi kupumua. Ondoa nailoni, tandika mkeka wa ukindu au gunia la katani lililokauka, na kila baada ya wiki mbili ulikunje nusu asubuhi ili mgongo wake upate hewa. Kila miezi sita ligeuze, upande wa mlangoni uende dirishani, ili likanyagwe na kupigwa na mwanga kwa usawa.

Kuhusu kuosha, Mzee wangu ana haki kwa mji wake. Mimi nasema zulia la sufu halidhuriwi na maji ya baridi. Linadhuriwa na kukauka polepole. Huku kwetu Iringa kati ya Agosti na Oktoba hewa ni kavu na upepo haukomi, kwa hiyo zulia likilazwa asubuhi hukauka kabla ya siku ya pili kwisha, na nimeosha mengi kwa namna hiyo. Lakini sasa hivi Njombe, na ukungu huo, usithubutu. Na usijaribu kulikaushia ndani kwa jiko la mkaa. Gesi ya mkaa katika chumba kilichofungwa huua watu, achilia mbali zulia.

Kwa la kwako kuna jambo jingine la kupima kabla. Chovya kitambaa cheupe katika maji ya baridi yenye siki kidogo, kikandamize juu ya kila rangi kwa dakika moja, na ukiangalie. Rangi ikitoka, zulia hilo halioshwi kwa kulowekwa nyumbani, hata Agosti, na kutokana na kilichotokea kwenye kona, nina hakika nyekundu itatoka. Kwa zulia la namna hiyo ninafuta uso tu. Nachanganya shampuu ya nywele kidogo sana, isiyo na rangi, katika ndoo ya maji ya baridi, nakamua kitambaa mpaka kisidondoke hata tone, napangusa kwa kufuata nyuzi zilivyolala, nafuata na kitambaa cha maji ya siki hafifu, kisha kikavu. Mtande na mshindio, yaani nyuzi zinazoukingama, havilowi ndani.

Ukishafuta, lilaze bapa. Mimi hupanga chaga za kitanda juu ya matofali, kivulini penye upepo, ili hewa ipite juu na chini. Ukilining'iniza likiwa na maji, uzito wake hulivuta na linakuwa na umbo la mbeleko. Zulia la ukubwa wako linakaribia kilo 20 likiwa kavu, na likilowa hata wanaume wawili wataomba msaada. Kabla ya kulirudisha, ingiza vidole kwenye shina la mafundo. Ukihisi ubaridi, bado.

Siku ukitaka kulihifadhi, livingirishe, usilikunje, na ulifunge kwa shuka la pamba. Lifungue kila baada ya miezi michache, kwa sababu Mkulima ameeleza nani anapenda giza na utulivu.

Mkazi wa Soweto, Mbeya

Mfumaji, na ile kona iliyoganda hairekebishiki? Nauliza kwa niaba ya Mama, ingawa hata mimi nina kipande cha kulia nacho.

Mfumaji wa Iringa

Sufu iliyoshikamana hairudi ilivyokuwa, nami sitawadanganya. Fundi mwenye subira anaweza kutoa mafundo ya kona hiyo na kufunga mapya kwenye mtande ule ule kama pamba yake haijaoza, na vipara vya nondo hutengenezwa vivyo hivyo, lakini ni kazi ya siku nyingi, na kupata sufu ya rangi inayolingana ni shida kuliko kufunga mafundo. Kwa sasa shonea ukingo wa vipara kwa uzi wa pamba ili visitanuke.

Mama wa Njombe

Nimefanya jaribio la kitambaa cheupe. Buluu imetulia, nyeupe imetulia, nyekundu imetoka kama rangi ya mdomo. Basi halitalowekwa. Doa la chai nimelitibu mara mbili kwa siki na limebaki kivuli tu, ambacho mgeni hakioni asipoonyeshwa. Nailoni nimeitoa, nimepata gunia la katani, na unga wa pareto nitaletewa Jumamosi. Kazi ya kufuta uso nitaisubiri Agosti. Ile kona ngumu nimeigeuzia ukutani, chini ya kabati la vyombo, isionekane.

Mkulima wa Pareto, Mafinga

Mama, itoe chini ya kabati leo hii. Afadhali wageni waione kuliko nondo.